Kutangaza Huduma za Usindikizaji Mtandaoni: Kusema Kweli bila Kujianika

Wanaoanza kutangaza huduma za usindikizaji wa watu wazima huuliza maswali yaleyale: je, niweke uso wangu, niandike umri gani, nitumie nambari ipi ya simu, na kutumia jina bandia, je, si udanganyifu? Mwongozo huu unakusanya majibu mahali pamoja, na unamhusu mtu mzima anayefanya kazi hii kwa hiari yake na anayejitangaza mwenyewe. Msimamo wake ni mmoja: mteja ana haki ya kujua ukweli kuhusu kile anachokilipia, lakini hana haki ya kujua wewe ni nani nje ya kazi. Mambo hayo mawili yakichanganywa, mtangazaji hujikuta amesema uongo pale alipopaswa kusema kweli, na amesema kweli pale alipopaswa kunyamaza.

Kabla ya kuanza

Anza na sheria ya mahali ulipo, kwa sababu nchi hazifanani hata kidogo. Nyuzilandi iliondoa makosa ya jinai katika kazi ya ngono mwaka 2003. Uswidi tangu mwaka 1999, na Ufaransa tangu mwaka 2016, humwadhibu mnunuzi badala ya muuzaji. Na zipo nchi ambako kuuza si kosa lakini kutangaza ni kosa. Usindikizaji wa kumpa mtu kampani katika chakula au hafla huangaliwa kwa namna tofauti tena. Usitegemee maneno ya mtangazaji mwingine, kwa kuwa huenda yuko chini ya sheria nyingine kabisa. Tafuta wakili au shirika linalotetea watu wa kazi hii na uulize hasa kuhusu matangazo. Sheria ya nchi nyingine pia yaweza kukufikia kupitia tovuti unayoitumia: mwezi Aprili 2018 serikali ya Marekani iliifunga Backpage, tovuti ya matangazo, na siku chache baadaye ikatiwa saini sheria ya FOSTA-SESTA, inayoziwajibisha tovuti kwa matangazo ya biashara ya ngono, na watangazaji wa nchi mbalimbali wakajikuta hawana pa kutangazia.

Sharti la pili halina mjadala. Kila anayeonekana au kutajwa katika tangazo lazima awe na umri wa miaka 18 au zaidi na awe amekubali mwenyewe. Usimwandikie mtu mwingine tangazo kwa sababu tu ameagizwa na mtu wa tatu, na ikiwa ni wewe unayeshurutishwa, usiendelee na hatua zilizo hapa chini. Tafuta kwanza msaada wa shirika linalohudumia waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu.

Vitu vya kuwa navyo ni vichache: nambari ya simu ya kazi peke yake, anwani mpya ya baruapepe, programu ya kutunza nywila, picha mpya ambazo hazijawahi kubandikwa popote, na daftari. Ukiweza kupata simu ya pili, ni bora zaidi kuliko kuweka laini mbili katika simu moja.

Hatua ya 1: Tenga yanayosemwa na yasiyosemwa

Fungua daftari na ugawe ukurasa pande mbili. Upande mmoja andika mambo ambayo mteja akiyakuta tofauti atakuwa ametapeliwa: mwonekano wako, rika lako, muda, bei, mambo unayoyafanya na usiyoyafanya, na kama ni wewe mwenyewe utakayefika. Upande wa pili andika mambo yanayokutambulisha: jina halisi, tarehe ya kuzaliwa, makazi, chuo, kazi nyingine, familia, dini, na ratiba yako ya kila siku. Upande wa kwanza husemwa kwa ukweli mtupu. Upande wa pili hausemwi kabisa, wala hautungiwi hadithi ya uongo, kwa kuwa hadithi ya kubuni ina kawaida ya kusahaulika na mtungaji wake kabla haijasahauliwa na msikilizaji.

Kwa hiyo jina bandia si udanganyifu. Mteja halipii jina. Udanganyifu ni kutumia jina la mtu mwingine aliye hai, au kujifanya ni mtangazaji mwingine mwenye sifa nzuri ili kuvuta wateja wake.

Hatua ya 2: Jenga utambulisho wa kazi ulio peke yake

Chagua jina la kazi ambalo hukuwahi kulitumia shuleni, kwenye michezo ya mtandaoni wala kwenye akaunti yoyote ya zamani. Fungua baruapepe mpya kwa jina hilo, na usiweke baruapepe yako ya kawaida kuwa njia ya kurejesha akaunti, kwa sababu kuna huduma ambazo huonyesha sehemu ya anwani hiyo kwa yeyote anayedai kusahau nywila. Kila akaunti iwe na nywila yake, na uthibitishaji wa hatua mbili ufanywe kwa programu ya simu badala ya ujumbe mfupi, maana nambari ya simu yaweza kuhamishiwa laini nyingine kwa hila.

Kuhusu simu, kosa linalorudiwa sana ni kutumia nambari ya zamani ambayo ndugu na marafiki wameihifadhi. Programu za kutambua mpigaji, kama Truecaller, zaweza kuonyesha jina lililohusishwa na nambari hata kama mwenye nambari hakujisajili humo mwenyewe. Nambari iwe mpya, na katika simu ya kazi zikatalie programu zote ruhusa ya kusoma orodha ya anwani; ukiziruhusu, mitandao ya kijamii huanza kukupendekeza kwa wateja, na kuwapendekeza wateja kwa shangazi yako. WhatsApp kwa kawaida humwonyesha nambari yako kila unayewasiliana naye. Signal, tangu mwaka 2024, humruhusu mtumiaji kuwasiliana kwa jina la mtumiaji bila kuonyesha nambari, ingawa nambari bado huhitajika wakati wa kujisajili.

Usisahau malipo. Njia nyingi za kulipa, ziwe za benki au za simu, humwonyesha mlipaji jina lililosajiliwa. Jitumie kiasi kidogo kutoka akaunti ya rafiki unayemwamini, uone skrini yake inaandika nini, ndipo uamue kama njia hiyo inafaa.

Hatua ya 3: Tayarisha picha

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa sababu picha ndiyo inayomvuta mteja, ndiyo inayodanganya zaidi, na ndiyo inayofichua zaidi.

Kwa upande wa ukweli, picha ziwe zako na zikuonyeshe jinsi ulivyo sasa. Ikiwa umebadilika kiasi kwamba mtu aliyeiona picha atasita anapokuona, picha hiyo imepitwa na wakati hata kama ilipigwa mwezi uliopita. Kurekebisha mwanga si tatizo. Kupunguza kiuno, kubadilisha rangi ya ngozi au kufuta miaka kumi usoni ni tatizo. Picha zilizotengenezwa na akili bandia zisitumike kukuwakilisha. Wapo wanaobandika uso wa kubuni juu ya mwili wao wakidai kwamba wanalinda faragha, lakini mteja huyo ameahidiwa uso ambao haupo duniani. Tangazo lisilo na uso ni la haki kuliko tangazo lenye uso wa uongo.

Je, uweke uso wako? Swali hili lina jibu linaloumiza: ukishauweka, huwezi kuurudisha. Zipo injini za kutafuta kwa uso, PimEyes ikiwa mojawapo, ambazo hupewa picha moja na kuleta nyingine za mtu yuleyule kutoka tovuti mbalimbali. Hii ina maana kwamba picha ya sherehe ya mahafali iliyo kwenye tovuti ya chuo na picha ya tangazo zaweza kukutanishwa bila jina kutajwa. Kama una kazi nyingine, watoto, au mashauri ya mahakamani yanayoendelea, ushauri wangu ni kuuficha uso moja kwa moja na kuandika waziwazi katika tangazo kwamba uso umefichwa kwa ajili ya faragha.

Unapouficha, uondoe kabisa kwa kuukata nje ya fremu wakati wa kupiga. Ukungu mwepesi na vigae vya mraba huacha taarifa ambazo programu za kisasa hujaribu kuzikisia. Mstari mweusi uliochorwa kwa brashi ya simu mara nyingi huwa na uwazi kidogo, na ukiongezewa mwanga, kilicho chini hutokea. Hata kukata baada ya kupiga kumewahi kuwasaliti watu: mwezi Machi 2023 iligunduliwa kwamba zana ya kuhariri picha ya simu za Google Pixel ilikuwa ikiacha ndani ya faili sehemu ya picha iliyokatwa, na kasoro ya namna hiyo ikaonekana pia katika zana ya picha za skrini ya Windows. Ukilazimika kukata, kata kisha piga picha ya skrini ya matokeo kwa kifaa kingine, na utumie hiyo.

Kisha kagua kila kona. Chale, alama za kuzaliwa, pete isiyo ya kawaida, shuka lililoonekana katika picha yako ya familia, mandhari ya dirishani, kioo nyuma yako, bahasha juu ya meza: vyote hivyo ni vitambulisho. Njia rahisi ni kupiga mbele ya ukuta mtupu, kwa nguo ambazo hazionekani katika akaunti zako binafsi.

Mwisho, ondoa data iliyofichwa ndani ya faili. Simu nyingi huandika ndani ya picha tarehe, aina ya kamera, na wakati mwingine mahali hasa ilipopigwa. Data hiyo huitwa EXIF. Zima ruhusa ya mahali katika kamera kabla ya kupiga, na kabla ya kupandisha picha fungua sehemu ya maelezo ya faili uhakikishe kuwa haina kitu. Baadhi ya tovuti hufuta data hii zenyewe, lakini usiziachie kazi hiyo.

Hatua ya 4: Andika maelezo

Andika kwa ufupi na kwa maneno ya kawaida. Umri ndipo wengi wanapoteleza. Ama taja umri wako wa kweli, ama taja rika ambalo umri huo umo kweli, kwa mfano "mwishoni mwa miaka ya thelathini". Usitaje tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu hiyo hutumika kuthibitisha utambulisho katika benki na ofisi nyingi. Na kwa hali yoyote ile usitumie maneno, mavazi au vidokezo vinavyomfanya mtu mzima aonekane mtoto. Mbali na uovu wake, huo ni mlango wa haraka wa tangazo kufutwa na polisi kuitwa.

Sifa zozote unazojipa ziwe zile unazoweza kuzionyesha. Ukiandika kwamba unazungumza lugha tatu, mteja wa kwanza anayehitaji msindikizaji wa chakula cha jioni na wageni atakujaribu kabla supu haijaletwa. Usijiandikie maoni ya wateja wa kubuni. Vilevile usinakili aya kutoka akaunti yako binafsi, wala misemo yako uliyoizoea, kwani sentensi moja isiyo ya kawaida ikiwekwa ndani ya alama za kunukuu katika injini ya utafutaji huweza kuunganisha kurasa mbili ulizodhani hazijuani.

Hatua ya 5: Eleza bei, muda na mipaka

Bei iandikwe kamili, ikiwa na muda wake na gharama zozote za ziada kama vile usafiri. Kuweka bei ndogo kwenye tangazo na kuipandisha mlangoni ni ulaghai, na pia ni hatari kwako, kwa kuwa unamkasirisha mtu usiyemjua mkiwa peke yenu. Taja unachohitaji kabla ya miadi, iwe malipo ya awali au mazungumzo ya simu, na ueleze nini hutokea kwa malipo ya awali pale miadi inapoahirishwa na upande wowote.

Andika wazi pia usichokifanya. Ikiwa huduma yako ni kampani tu, sema hivyo kwa sentensi isiyoacha nafasi ya kutafsiriwa. Ongeza kwamba ridhaa yaweza kuondolewa wakati wowote; mteja anayebisha juu ya sentensi hiyo amekurahisishia kazi ya kumchuja.

Hatua ya 6: Taja eneo bila kutaja mahali

Mji au sehemu pana ya mji yatosha. Usitaje mtaa, jengo, wala alama iliyo karibu nawe, na usitoe anwani katika mazungumzo hadi miadi imethibitishwa. Angalia pia saa: tangazo linalosema unapatikana kila siku isipokuwa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi linamwambia msomaji makini kwamba kuna mtoto anayepelekwa shule. Ukisafiri, tangaza mji unaoelekea bila kutaja tarehe ambazo nyumba yako itakuwa tupu.

Hatua ya 7: Jipekue kabla ya kuchapisha

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha, jifanye mtu anayekutafuta kwa nia mbaya. Tumia kivinjari ambacho hujaingia kwenye akaunti yoyote, na utafute jina la kazi, nambari ya simu na anwani ya baruapepe, kila kimoja peke yake. Pitisha kila picha katika TinEye na Google Lens, zana za kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha, uone kama inaleta kitu kingine. Ukiwa na tovuti yako mwenyewe, hakikisha huduma ya kuficha taarifa za msajili imewashwa, na utafute jina la tovuti katika kumbukumbu za usajili ili uone kama kweli imefanya kazi. Ukikuta uzi hata mmoja unaokuunganisha na maisha yako mengine, rudi nyuma uukate sasa. Baada ya kuchapisha, kurasa hunakiliwa na tovuti nyingine na huweza kuhifadhiwa katika kumbukumbu za intaneti kama Wayback Machine.

Hatua ya 8: Linda siri za mteja pia

Faragha ina pande mbili. Si kosa kumwomba mteja uthibitisho kwa ajili ya usalama wako, lakini mweleze mapema utaomba nini, kwa nini, na utakihifadhi kwa muda gani, kisha ufanye hivyo hasa. Omba kidogo kadiri inavyowezekana. Ukihitaji kuona kitambulisho, mruhusu afunike nambari yake, na ukishaona, futa picha hiyo pamoja na nakala iliyokwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mwaka 2015 wadukuzi waliiba na kumwaga hadharani taarifa za mamilioni ya watumiaji wa Ashley Madison, tovuti ya kutafuta wapenzi wa nje ya ndoa, wakiwemo watu waliokuwa wamelipa ili akaunti zao zifutwe. Ambacho hukukihifadhi hakiwezi kuibwa kwako.

Maonyo kuhusu mteja mwenye vurugu ni jambo jingine. Yapeleke kwa wenzako kupitia shirika au kikundi cha kuaminika, ukieleza kilichotokea kama kilivyotokea, wala usiyageuze kuwa silaha ya kumchafua mtu aliyebishana nawe juu ya bei.

Mambo yakienda kombo

*Picha zangu zinatumiwa na mtangazaji mwingine.* Hifadhi ushahidi kwanza: picha ya skrini, kiungo na tarehe. Kisha iandikie tovuti kupitia sehemu yake ya malalamiko. Kwa kawaida aliyepiga picha ndiye mwenye hakimiliki, hivyo picha uliyojipiga mwenyewe ni yako. Lakini kuwa mwangalifu na notisi rasmi ya hakimiliki chini ya sheria ya Marekani iitwayo DMCA: huhitaji jina na mawasiliano ya mlalamikaji, na yaweza kupelekwa kwa yule unayemlalamikia. Anayetaka kulinda jina lake huituma kupitia wakili au wakala.

*Mtu anatishia kuwaambia ndugu zangu nisipomlipa.* Usilipe, kwa sababu malipo ya kwanza humthibitishia kwamba tishio linafanya kazi. Usifute mazungumzo; yahifadhi, mripoti kwenye jukwaa analolitumia, kisha mzuie. Ikiwa tishio linahusu picha za faragha, huduma ya StopNCII, iliyoanzishwa mwaka 2021, hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya kifaa chako bila picha yenyewe kuondoka, na majukwaa yanayoshiriki huitumia alama hiyo kuitambua na kuizuia. Katika nchi nyingi vitisho vya namna hii ni kosa la jinai hata pale kazi yenyewe inapobanwa na sheria, ila zungumza na wakili kabla ya kwenda polisi.

*Nimeacha kazi lakini tangazo bado linaonekana.* Futa tangazo kwenye tovuti yenyewe badala ya kulisitisha tu, kisha omba akaunti ifutwe pamoja na data zake. Katika Umoja wa Ulaya ombi hilo lina nguvu ya kifungu cha 17 cha kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na nchi nyingine nyingi zina sheria zinazokaribiana nayo. Ukurasa ukishaondoka lakini bado unatokea katika utafutaji, Google ina fomu ya kuondoa matokeo yaliyopitwa na wakati, na nyingine ya kuondoa matokeo yanayoonyesha nambari za simu na anwani za watu. Elewa kwamba fomu hizo huondoa matokeo ya utafutaji tu, na ukurasa kama upo utaendelea kuwepo.

*Mteja amenitambua.* Usikanushe kwa hasira wala usithibitishe. Badili mada, kamilisha au vunja miadi kwa utulivu, kisha ukifika mahali salama rudia hatua ya 7 ili ujue uzi ulikuwa upi. Mara nyingi utakuta ni picha moja ya zamani au nambari ya simu. Kibadilishe kitu hicho kabla ya kulirudisha tangazo hewani.

*Wateja wanalalamika kwamba sifanani na tangazo.* Lalamiko moja laweza kuwa chuki, lakini yakirudiwa na watu wasiojuana, shusha picha zote siku hiyohiyo na upige nyingine.